Uliza Tukujibu: Maisha ya Pamoja Katika Kijiji cha Wastaafu

Barua za safari hii zimetoka kwenye vijiji vya wastaafu: kwa wakazi wenyewe, kwa watoto wao na kwa waratibu wa shughuli. Palipo na mengi ya kufanya tumejibu kwa urefu, na penye jibu fupi hatukulivuta.

Nimekabidhiwa kazi ya kuratibu shughuli kwenye kijiji chenye wakazi 120. Ratiba imejaa Jumatatu hadi Jumamosi, lakini kila nikiingia ukumbini nakuta nyuso zilezile 15. Wengine nikiwauliza wananijibu "tutakuja". Nimekosea wapi?

Dada, usiongeze shughuli hata moja kwanza. Chukua daftari, na kwa wiki 2 andika kila kipindi kilianza saa ngapi, nani alikuja, alikaa wapi, na nani aliondoka kabla ya kwisha. Andika majina, usiandike idadi tupu. Idadi itakuambia walikuja 15. Majina ndiyo yatakayokuonyesha kwamba hakuna hata mmoja aliyetoka nyumba za mwisho wa barabara, wala hakuna anayetembea kwa msaada wa fremu.

Ukishamaliza hapo, piga hodi. Nyumba 5 au 6 kwa siku, dakika 20 kila nyumba, na katika wiki 3 au 4 umekizunguka kijiji. Usiulize "ungependa shughuli gani?" kwa sababu utajibiwa "yoyote tu, mwanangu". Uliza: Jana ulifanya nini tangu ulipoamka? Ni kazi gani mikono yako inaijua bila kufikiri? Mara ya mwisho ulipokuja ukumbini, ilikuwaje? Hilo la tatu lisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo sababu zenyewe zinapotoka.

Na sababu hizo mara nyingi hazihusu shughuli yenyewe. Choo kiko mbali, na mtu aliyemeza dawa ya kupunguza maji mwilini asubuhi hathubutu kukaa saa nzima na nusu katikati ya mstari wa viti. Njia ya kurudi haina taa. Viti havina mikono ya kushikia wakati wa kuinuka. Au hana wa kuingia naye mlangoni, na hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kuingia peke yako kwenye chumba ambacho kila meza tayari ina watu wake ni jambo gumu kwa umri wowote.

Kwa hiyo, kipindi cha saa 3 asubuhi jaribu kukisogeza hadi saa 8 mchana, dawa za asubuhi zikiwa zimekwisha kufanya kazi yake. Acha viti 4 vya karibu na mlango, upande wa chooni, viwe vya wanaohitaji kutoka mara kwa mara, na usiviwekee bango. Kila anayekuja mara ya kwanza afuatwe nyumbani kwake na mkazi mwenzake, si mfanyakazi, na mwenzake huyo akae naye meza moja mpaka mwisho.

Kisha wape watu kazi. Tangazo ubaoni likisema "karibuni tucheze karata" linasomwa na kupitwa. Lakini ukimwambia mtu, "Mzee, nakuomba Alhamisi saa 8 kasorobo ufungue kabati la karata, uhesabu kama kila pakiti ina 52," umempa sababu ya kuvaa viatu. Anajua asipofika, kuna wanaomsubiri. Gawa kazi ndogo kama hizo kadiri uwezavyo: wa kupanga viti, wa kugonga milango ya majirani 3, wa kuandika majina, wa kufunga madirisha. Ukiona unafanya yote wewe na wakazi wameketi wakikutazama, ujue hapo ndipo lilipo kosa.

Kundi la mazungumzo lisizidi watu 12. Likizidi, ligawe kwenye meza za watu 4 hadi 6. Siku na saa zisibadilike. Wakija 3, endesha na hao 3, kwa sababu kipindi kikifutwa mara 2, mara ya 3 wakazi watakifuta wenyewe. Jambo jipya lipe wiki 6 hadi 8 kabla ya kulihukumu. Na kipimo chako kisiwe ukumbi uliojaa. Kila mwisho wa mwezi hesabu ni wangapi kati ya wale 120 walionekana kwenye shughuli angalau mara 1 kwa wiki, halafu tazama majina ambayo hayapo. Hao ndio wa kuanza nao mwezi unaofuata.

Mama yangu ana vifaa vya kusikia masikio yote mawili. Nyumbani tunaongea vizuri, lakini kwenye mikutano ya wakazi anasema hasikii kitu, na sasa ameacha kwenda. Je, vifaa vimeharibika?

Huenda ni vizima kabisa. Kifaa cha sikioni kinakuza kila kilicho karibu: kiti kinachoburutwa, feni, vijiko, jirani anayekohoa. Msemaji akiwa mita 8 mbele, sauti yake inafika ikiwa imechoka, imechanganyika na mwangwi wa kuta. Sebuleni mko umbali wa mita 1 na nusu, ndiyo maana mnaelewana.

Waombeni viongozi waanze na yasiyohitaji fedha. Viti vipangwe nusu duara, safu 2 au 3, badala ya safu 8 zilizonyooka. Feni yenye kelele izimwe wakati wa kusema. Miguu ya viti ivalishwe vipande vya mpira au kitambaa kizito, na mapazia mazito yafungwe, kwa sababu ukuta mtupu na sakafu ya vigae vinarudisha sauti. Msemaji asisimame na dirisha mgongoni. Mtu mwenye shida ya kusikia anasoma midomo hata kama mwenyewe hajui kwamba anasoma, na uso ulio kivulini hausomeki. Kupiga kelele hakusaidii, kunavuruga umbo la maneno. Aseme kwa sauti ya kawaida, polepole kidogo, bila kufunika mdomo kwa karatasi.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni msemaji kusema "mimi sauti yangu inatosha" na kuweka kipaza sauti mezani. Wasiosikia hawatainua mkono. Watanyamaza, na mkutano ujao hawatakuja. Kipaza sauti ni cha kila anayesema, pamoja na anayeuliza kutoka nyuma. Kama kipo kimoja tu, mwenyekiti alirudie swali kabla ya kulijibu.

Ukumbi ukiwa na uwezo, uwekewe kitanzi cha sauti. Ni waya unaozungushwa ukumbini, kando ya kuta au chini ya zulia, ukaunganishwa na kikuza sauti. Waya hutoa uga wa sumaku, na kifaa cha sikioni chenye koili ndogo ya waya ndani yake, kikiwekwa kwenye alama ya T, kinaipokea sauti ya kipaza moja kwa moja, bila kelele za chumba. Zipo kasoro 3 za kuangalia: nondo nyingi sakafuni hudhoofisha uga huo, vifaa vingine vya masikioni havina koili, au vinayo lakini fundi hakuiwasha, basi mama amuulize anayemhudumia, na sanduku la kitanzi huzimwa na mtu anayefanya usafi, likakaa hivyo miezi. Mtu mmoja mwenye kifaa akijaribu kabla ya kila mkutano, mambo yanakaa sawa.

Nina miaka 71, nilikuwa mwalimu wa michezo. Wenzangu hapa kijijini wameniomba niwaongoze mazoezi ya viti. Naogopa mtu asianguke mikononi mwangu.

Mama, shikamoo. Hofu hiyo ni nzuri, ila isikuzuie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na mazoezi yanayochanganya usawa wa mwili na nguvu siku 3 au zaidi. Siku hizo 3 ndizo zako, kwa kuwa usawa wa mwili usipofanyiwa kazi ndio unaoangusha watu.

Chukua watu 10, wasizidi 12, na uwe na msaidizi mmoja anayetazama tu. Kiti kiwe na miguu 4, kisiwe na magurudumu, na kimo chake, sentimita 45 hivi, kimwezeshe mtu kukanyaga chini kwa unyayo mzima. Egemeo liguse ukuta. Kandambili ziachwe mlangoni. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza.

Dakika 40 zinatosha. Anza na dakika 8 za kupasha mwili: mabega, viganja, vifundo vya miguu, kutembea huku mmekaa. Kisha kuinuka na kukaa, mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Hapa tazama kwa makini. Mtu asogee hadi ukingo wa kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo makalio yainuke. Anayejaribu kuinuka mgongo ukiwa wima atarudi kitini kwa kishindo, na atasema magoti yake ni mabovu wakati kosa ni la mwinamo. Kushuka kuwe kwa kuhesabu hadi 3. Aliyebadilishwa nyonga asiiname hivyo mpaka daktari wake aruhusu.

Kwa usawa wa mwili geuza kiti, sehemu ya kukalia ielekee ukutani na kuugusa, mtu asimame nyuma akishika egemeo. Kwanza miguu ibane pamoja kwa sekunde 10. Kisha mguu mmoja utangulie nusu hatua. Mwisho kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Akiweza sekunde 30 bila kuyumba, mpunguzie msaada: mikono 2, mkono 1, kidole 1. Usimwambie mtu aachie kabisa siku hiyohiyo aliyojifunza.

Wahesabu kwa sauti wote, maana anayehesabu hawezi kuzuia pumzi, na kuzuia pumzi kunapandisha shinikizo la damu. Anayefanya kwa kiasi anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Kila wanapoinuka baada ya kukaa muda mrefu, wasimame kimya kwa hesabu ya 10 kabla ya kupiga hatua, kwani shinikizo la damu hushuka ghafla na kizunguzungu hufuata. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kuhema kusikotulia ni kuacha papo hapo na kuita msaada. Na mtu asishindanishwe na jirani yake. Wewe ulikuwa mwalimu wa michezo, utaona hamu hiyo inakuja yenyewe, ikate mapema.

Tunataka matuta ya bustani yaliyoinuliwa ili wanaotumia viti vya magurudumu nao walime. Vipimo vipi ni sahihi?

Tengenezeni aina 2, kwa sababu tuta moja haliwafai wote.

La kwanza ni la wanaosimama au kukaa ukingoni: kimo sentimita 60 hadi 75. Upana sentimita 120 kama linafikiwa pande zote 2, na 60 kama limeegemea ukuta. Zaidi ya hapo mkono haufiki katikati na magugu ndiko yatakakojificha. Ukingo wa juu uwe na ubao mpana wa sentimita 20 au zaidi, wa kukalia na kuwekea vifaa.

La pili ni la kiti cha magurudumu, nalo lifanane na meza. Chini kuwe wazi kiasi cha sentimita 70 ili magoti yaingie, na juu yake sinia la udongo lenye kina cha sentimita 15 hadi 20. Wengi hujenga boksi refu lililozibwa mpaka chini, kisha aliye kwenye kiti analazimika kukaa ubavu na kujikunja kiuno. Baada ya dakika 10 mgongo unauma, harudi tena. Kwenye sinia hilo pandeni mboga za majani na maua ya mizizi mifupi. Lina kina kidogo, hivyo hukauka haraka na siku za jua huenda likahitaji maji mara 2.

Jambo linalosahaulika ni uzito. Tuta la urefu wa mita 2, upana mita 1.2 na kimo mita 0.7 linabeba udongo wa karibu mita za ujazo 1.7, na udongo uliolowa unazidi tani 2 kwa ujazo huo. Lisijengwe juu ya baraza wala sakafu ya ghorofani. Linalokaa ardhini liachwe wazi chini, maji yapenye. Sinia lazima litobolewe matundu, la sivyo mizizi itaoza.

Njia kati ya matuta iwe sentimita 120, na mwisho wa njia kuwe na uwanja wa mita 1.5 kwa 1.5 wa kugeuzia kiti. Kokoto hazifai. Ndoo ya lita 10 ina kilo 10 za maji. Nunueni za lita 2 au 3. Vishikio vya koleo na vijiti vipakwe rangi kali, nyekundu au njano, ili vionekane vikianguka kwenye majani.

Na kila tuta liwe na wenyewe 2, wala lisiwe la wote. Mmoja akiugua, mwenzake anamwagilia, halafu anapita kumweleza hali ya mimea. Matembezi hayo ya kumjulia hali ni ya thamani kuliko mboga.

Baba yangu ana miaka 78, alikuwa seremala. Amehamia kijijini miezi 4 baada ya mama kufariki. Hatoki nje. Kila siku wanamwalika kwenye muziki na michezo, anakataa. Tumlazimishe?

Pole sana kwa msiba, wewe na baba. Hapana, msimlazimishe, na wanaomwalika waache kumpeleka penye shangwe. Mfiwa aliyekaa katikati ya watu wanaocheka anajiona mpweke kuliko akiwa chumbani.

Mpelekeeni kitu kilichovunjika. Mwambieni mratibu apite na stuli ya ukumbini yenye mguu unaocheza, amuulize tu: "Mzee, hii inatengenezeka?" Aiache hapo. Asirudi kesho yake kudai, arudi baada ya siku 3. Seremala hawezi kukaa chumba kimoja na kiungo kilicholegea bila kukishika. Akishaitengeneza, aulizwe kama anaweza kutazama na zile nyingine 5, ambazo ziko chumba cha nyuma ya ukumbi, ambako yupo mzee mwingine mmoja. Mmoja tu.

Australia, tangu miaka ya 1990, wamefungua karakana za wanaume wastaafu kwa wazo hilihili: wanaume wengi huongea vizuri zaidi wakiwa bega kwa bega, macho yakiwa kwenye kazi, kuliko wakikalishwa uso kwa uso na kuambiwa waseme. Kama kijiji hakina karakana, meza imara, taa nzuri, jiliwa la kubania mbao na kabati lenye kufuli vinatosha kuanzia. Vya umeme vya kukatia visiwepo mwanzoni, na mtu asifanye kazi humo peke yake.

Jina la mama litajwe mbele yake. Watu hulikwepa wakidhani wanamhurumia, naye huona kama amesahauliwa. Lakini kama usingizi wala uzito havirudi, kama ameacha kula au kuoga, au akisema hana haja ya kuishi, hapo msisubiri stuli. Apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Huzuni ya msiba huja na kupungua kama mawimbi. Ile inayokaa mfululizo zaidi ya wiki 2, mtu asifurahie chochote, huenda ni sonona, nayo ina tiba.

Kamati yetu ya wakazi ina watu walewale kwa miaka mingi na minong'ono kuhusu fedha haiishi. Tuirekebisheje bila ugomvi?

Wanakamati wawe 7, idadi isiyogawanyika kwa 2. Muhula uwe miaka 2, na kila mwaka karibu nusu yao watoke, hivyo wapya wafundishwe na waliobaki. Mtu akitumikia mihula 2 mfululizo apumzike angalau mwaka. Muhtasari wa kikao ubandikwe ubaoni ndani ya siku 7, kwa herufi za ukubwa wa 16 au 18. Fedha zitoke kwa saini za watu 2 wasiokaa nyumba moja, na kila mwezi ukurasa mmoja wenye kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki ubandikwe hapohapo. Risiti zikae kwenye faili ambalo mkazi yeyote anaweza kulifungua. Minong'ono mingi huanza si kwa sababu fedha zimeibwa, ila kwa sababu hakuna aliyeonyeshwa karatasi.

Kwaya yetu ina mama mmoja ambaye sasa anasahau sana. Baadhi wanasema atolewe kwa kuwa anarudia beti. Tufanyeje?

Abaki. Nyimbo zilizojifunzwa ujanani hudumu muda mrefu kwenye kumbukumbu, na mtu anayepotea katikati ya sentensi anaweza kuimba beti zote 4 bila kukosea. Mkalisheni katikati ya wenzake 2 wanaoimba sauti ileile, sehemu ileile kila wiki. Mpeni karatasi ya wimbo mmoja kwa wakati mmoja, maana kitabu kizima kitampoteza. Akirudia ubeti, wa jirani amguse mkono na kuimba unaofuata kwa sauti kidogo. Wimbo mpya mjifunze mwisho wa mazoezi, naye akichoka aondoke kabla. Atakayemfuata nyumbani na kumrudisha ajulikane kwa jina na kuandikwa.

Wajukuu wanapokuja kijijini hukaa dakika 10 na kuanza kutazama simu. Kuna la kufanya?

Msiwaweke wakae kuwatazama wazee. Wapeni kazi ya watu 2, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, yenye mwisho unaoonekana: kuotesha miche 12, kupanga picha za zamani kwa miaka na kuandika majina nyuma kwa penseli laini, kucheza dhumna kwa pointi 50. Kwa watoto wa miaka 7 hadi 12, dakika 45 zinatosha. Kwenye picha, mtoto ndiye aandike na mzee ndiye aseme, na mtoto asome kwa sauti alichoandika kabla ya kushika picha inayofuata, kwa kuwa majina ya ukoo ndiyo yanayokosewa. Picha isiyotambulika isitupwe. Iwekwe kwenye bahasha ya pembeni, iandikwe "haijajulikana", na ipitishwe meza kwa meza siku ya kukutana wote.